Karatasi Nyeupe za Alhamisi

Nchi ninayoisimulia hapa haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo asije mtu akaninyooshea kidole akasema ni ya kwao. Ni nchi nzuri, ina milima miwili na bwawa moja, na Serikali yake inampenda kila mwananchi kiasi kwamba haiwezi kustahimili kutojua anafanya nini. Mimi nimeitumikia miaka thelathini na moja bila kuchelewa kazini, isipokuwa siku niliyomzika mke wangu, na hata siku hiyo niliomba ruhusa kwa maandishi. Jina langu ni Ngwali Kitwana. Sina neno na Serikali. Nalisema mapema ili tuelewane.

Wapo watu kazi yao ni kulalamika tu. Mapazia yalipopigwa marufuku walinung'unika. Mimi nilishusha yangu siku hiyo hiyo nikashona foronya. Sheria ya Mapazia ilisema mtu asiye na la kuficha hana haja ya kitambaa dirishani, na ukiitafakari kwa utulivu huoni kosa lake, hasa ukiwa umesimama nje.

Baada ya mapazia zikaja kompyuta. Simu zenye mtandao zilikusanywa kwenye magunia, na kompyuta zikabaki maofisini tu, zile za mezani, zimefungwa mnyororo kwenye miguu ya meza. Kila moja iliwekewa kivinjari kimoja, kinaitwa Dirisha la Taifa. Ukikifungua kinakuuliza jina lako, jina la baba yako, namba ya kiatu chako, na kama umelala vizuri. Kisha picha ya Mwangalizi Mkuu wa nchi inakutazama nusu dakika ndipo unaruhusiwa kuandika unachotafuta. Ukitafuta dawa ya kichwa asubuhi, mchana mjumbe wa mtaa ameshafika kukupa pole. Niambie, ni nchi gani nyingine wanakujali hivyo?

Na kilele cha kujaliwa kilikuwa Usomaji wa Alhamisi. Saa nne asubuhi, watumishi wote arobaini na mmoja wa Idara ya Mipaka ya Mashamba tunakaa ukumbini kwenye viti vya plastiki. Mimi ndiye Msomaji, niliyekula kiapo. Napanda jukwaani na karatasi nilizozichapa mwenyewe asubuhi ile, kila mtumishi na yake: jina juu, na chini yake kila alichokitafuta wiki nzima. Nasoma kwa sauti. Nikimaliza, mwenyewe anasimama na kusema, "Ni mimi, na nimeonekana." Watu wanapiga makofi matatu, tunakwenda kwa mwingine.

Kanuni inataka kila karatasi isomwe dakika nne kamili. Waziri mmoja aliona si haki aliyetafuta machache apewe muda mfupi kuliko mwenzake. Kwa hiyo nilikuwa na saa ya mezani, na wenye machache niliwasoma polepole, ikibidi narudia. Karatasi zikishachapwa, mtambo wa makao makuu unafuta kila kitu, kwani Serikali haina nafasi ya kuweka jambo moja mara mbili. Hilo liweke akilini, litatufaa baadaye.

Nimesoma mengi, bwana. Nimesoma "kuku kutaga bila jogoo inawezekana?" ya mhasibu. Nimesoma "dalili za wifi kunichukia" huku wifi mwenyewe amekaa kiti cha tatu. Baada ya mwaka mmoja watu wakajifunza, wakawa hawatafuti kitu ila picha za Mwangalizi Mkuu akiwa kijana. Ukumbi ukawa na amani kubwa, na wengine wakawa wanasinzia.

*

Meza jirani na yangu ilikuwa ya Bi Siwema Chande, mchora ramani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkimya, fundi wa chai ya tangawizi kali inayotoa machozi. Kila asubuhi alinimegea muhogo wake wa kuchoma bila mimi kuomba. Tangu mke wangu afariki, ule muhogo ndio ulikuwa mlo wangu wa uhakika. Nilimpenda kama binti yangu, na sioni aibu kulisema.

Balaa lake lilikuwa kaka yake. Injinia Mahadhi Chande alitumwa na Wizara kwenda Bwawa la Ushindi kuhesabu nyufa, na aliambiwa mapema kabisa, kwa barua yenye muhuri, kwamba idadi yake ni sifuri. Kazi ilikuwa imerahisishwa namna hiyo. Yeye akarudi na kumi na saba. Wizara ikamweleza kwa upole kwamba ile ni mistari ya mapambo. Akauliza mbona mapambo yanavuja. Tangu siku hiyo hakuonekana tena, na katika nchi yetu hakuna kosa linalozidi kutoonekana. Picha yake ilibandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha Idara. Kila mwisho wa mwezi watu wa Usalama walimwita Siwema wakamuuliza aliko kaka yake, akajibu hajui, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa kweli.

Kisha kikaingia kitu ambacho watu walikiita Pazia. Mimi sikuwahi kukigusa, haya ni ya kusikia tu. Kilikuwa kivinjari kutoka nje, kimeingia ndani ya flashi, na flashi ndani ya mfuko wa karanga. Ukikifungua hakikuulizi jina wala kiatu. Hakimwambii mtu wewe ni nani wala umekaa wapi. Wanaokunyatia kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kinawazuia mlangoni, na pembeni kinakuandikia idadi yao, leo mia tatu na kumi na wawili, jana mia tatu na tisa. Ukikifunga, kinasahau yote papo hapo. Nasisitiza ni ya kusikia.

Alasiri moja, saa tisa, niligeuka kuomba kifutio nikaona skrini ya Siwema ni nyeupe, Mwangalizi Mkuu hayupo. Katikati palikuwa na mistari miwili ya maneno, na Siwema alikuwa analia bila sauti. Aliponiona akafunga.

"Umeona nini, Mzee Ngwali?"

"Nimeona sukari imekwisha," nikasema. "Kesho ni zamu yangu kuleta."

Na kweli ilikuwa imekwisha. Mimi si mtu wa kusema uongo.

*

Alhamisi iliyofuata printa ilitoa karatasi sita nyeupe. Zilitoka za kwanza, safi, hazina hata jina juu. Nikabadilisha wino, nikaipiga printa kofi kama tunavyofanya siku zote, na iliyofuata ikatoka na maneno, na zote zilizobaki pia. Arobaini na moja kwa jumla: thelathini na tano zenye watu, sita hazina mtu.

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Kanuni inasema kila karatasi itokayo itasomwa, dakika nne. Haisemi lazima iwe na kitu. Nikapanda jukwaani, nikashika ya kwanza, nikatega saa, nikaanza kuisoma.

Wewe hujawahi kusikia kimya cha dakika nne cha watu arobaini wanaoogopa. Dakika ya kwanza walinitazama mdomo. Dakika ya pili mtunza stoo akasimama akasema aliyeiba dizeli ya jenereta ni yeye. Hakuna aliyemuuliza. Dakika ya tatu mama mmoja wa masjala akasema, huku akifuta machozi, kwamba chumbani kwake ametundika kanga dirishani, lakini ni ule upande wa jua tu. Katika karatasi ya pili dereva akakiri kwamba kwenye wimbo wa taifa huwa anafungua mdomo bila kutoa sauti, tangu utotoni. Nilipofika ya nne kulikuwa na foleni ya watu wa kukiri.

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Pandu Kidawa, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi. Akasimama, jasho linamtiririka, akaufunga Usomaji. Kisha akaamuru zile karatasi thelathini na tano zenye majina zichomwe moto nyuma ya jiko, ili ushahidi usichanganyike. Niliona ni uamuzi wa haraka kidogo, lakini mimi ni nani?

*

Siku mbili baadaye akaja Kamishna Salamba kutoka mji mkuu. Nilitarajia jitu la kutisha. Akashuka mzee mwembamba, mpole, mwenye suti ya kijivu, akampa mkono kila mtumishi mpaka mfagizi, na kila aliyempa mkono alimuuliza, "Umelala vizuri?" Kisha anakushikilia mkono mpaka ujibu.

Ikaundwa Kamati ya Weupe, watu watano: Mheshimiwa Kidawa na wakuu wake wanne wa vitengo. Zile karatasi sita zikapigwa pasi. Zikapakwa ndimu. Zikaanikwa juani zikilindwa na askari wawili, mmoja wa kulinda karatasi na mwingine wa kulinda jua lisizibwe. Moja ililowekwa kwenye beseni, ikasemekana imetoa herufi, kumbe ni nzi. Taarifa ya Kamati ilikuwa na kurasa hamsini, na hitimisho lake lilisema kwamba karatasi hizi ni nyeupe kupita kiasi, na weupe wa namna hii hauji kwa bahati mbaya.

Jumatatu Kamishna akatukusanya ukumbini. Aliongea taratibu, ikabidi tuiname ili tumsikie.

"Ndugu zangu, ukurasa wenye maneno una mambo yaliyoandikwa, na hayo yana mwisho. Ukurasa mtupu una mambo yote ambayo hayajaandikwa. Hayo hayana mwisho. Kwa hiyo wenye karatasi hizi wametenda kila kosa." Akameza mate. "Lakini mbona jambo hili ni jepesi? Si tuite majina? Alhamisi, Msomaji akimaliza kusoma, tutaita orodha ya watumishi. Asiye na karatasi ndiye mwenye nyeupe."

Hapo ndipo nilipoona uzalendo wa Kamati. Wote watano walisimama kwa pamoja. Mkuu wa Utumishi akasema kuita majina ni desturi ya kikoloni. Mkuu wa Ramani akasema orodha yenyewe imeliwa na mchwa. Mheshimiwa Kidawa akahutubia robo saa kwamba jina la mtumishi ni mali ya Taifa na halipaswi kutajwa ovyo, akakohoa, akanywa maji ya mwenzake. Nikajiuliza watu majasiri kama hawa wanatokwaje na jasho asubuhi ya baridi. Jibu sikulipata, kwa vile akili yangu ni ya kiwango cha Msomaji.

Kamishna akawasikiliza mpaka mwisho. "Alhamisi," akasema. "Na mpaka nimpate mtu, likizo zote na vibali vyote vya safari vimesimama. Gari langu lina nafasi moja nyuma. Sitalirudisha tupu, hata nikae hapa mpaka nistaafu."

"Nafasi moja tu, Mheshimiwa?" Kidawa akauliza.

"Makao makuu wanataka mtu. Hawajasema watu."

Anayekaa nafasi ile hupelekwa Kambi ya Uwazi. Ni mahali pazuri, kuta zake zote za kioo, na waliokwenda hawajawahi kurudi kulalamika.

*

Jumatano, wakati wa chai, Siwema alisogeza kiti chake karibu na changu. Akakitua kikombe vibaya, chai ikamwagika kwenye ramani ya wilaya, ikafunika vijiji vitatu.

"Mzee Ngwali, mimi sina mtu mwingine wa kumwambia."

"Basi usiniambie," nikasema. "Mimi ni mtu wa Serikali."

Akaniambia hivyo hivyo, akitazama kikombe. Kaka yake alikuwa ng'ambo ya mpaka, siku mbili kutoka hapa. Alikuwa akimtumia ujumbe kwa lile Pazia kila alasiri saa tisa. Jumamosi angemngoja mpakani, mahali wanapopajua wao wawili tangu utoto. Kibali chake cha kwenda kumsalimia shangazi yake kilikuwa cha Ijumaa, kimesainiwa mwezi mzima uliopita, na sasa kimesimamishwa.

"Kesho wakiniita sina karatasi," akasema. "Hawatanipeleka moja kwa moja. Watanikalisha pale pale mezani kwangu, wakae nyuma yangu, wangoje saa tisa ifike. Mahadhi ataandika kama kawaida yake. Ataniuliza, 'Umefika wapi?' Watamjibu wao. Jumamosi atakuja mpakani mwenyewe, anacheka, ananitafuta mimi."

"Mwambie asiandike."

"Nimemwandikia tangu jana. Hajajibu. Huenda yuko njiani, hana kompyuta mpaka kesho." Akainua macho. "Wamesema hawahitaji kumsikiliza tena. Unajua maana yake."

Nilijua. Kila aliyewahi kuisoma ile picha mlangoni mwa choo alijua, maana chini yake paliandikwa kwamba mtu huyu hatakiwi mahakamani. Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza. Mdomo wangu ulizoea kusoma ya watu, yangu haukuyajua.

"Muhogo wa leo umeungua kidogo," nikasema.

Siwema akakichukua kikombe chake. Kisha akageuza kiti chake akarudi kwenye ramani.

*

Alasiri ile nilipata wageni. Wa kwanza alikuwa Mkuu wa Utumishi. Akafunga mlango wa chumba cha printa, akanong'ona kwamba kwa bahati mbaya, na kwa ajili ya uchunguzi tu, alikijaribu kile kivinjari kiovu ili akijue ubaya wake. Huenda karatasi yake imepata hitilafu. Je, Msomaji hawezi kumchapia nyingine? Alikuwa ameshaandika kwa mkono alichokitafuta wiki nzima: "namna ya kumpenda Mwangalizi Mkuu zaidi."

Hajafika mwisho wa ukumbi, akaingia Mkuu wa Ramani. Naye ni uchunguzi. Naye "namna ya kumpenda Mwangalizi Mkuu zaidi." Akaja wa tatu, akaja wa nne, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake, na mmoja alijificha nyuma ya kabati mwenzake alipobisha. Wa mwisho alikuwa Mheshimiwa Kidawa mwenyewe. Hakunong'ona, hajui kunong'ona.

"Ndugu Msomaji," akanihutubia, "uongozi ni kujitoa mhanga. Nimekaa na adui huyo uso kwa uso wiki mbili. Nimemfahamu. Amenizuilia wafuatiliaji mia nne kwa siku, naam, mia nne! Nilikuwa sijui kama mimi nami nafuatwa." Sauti ikamshuka. "Mimi, Mkurugenzi."

Kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu. Nikapokea karatasi yake. Agizo la mkubwa ni agizo.

Nikabaki peke yangu na printa. Hesabu yake si ngumu hata kwangu mimi. Karatasi nyeupe ni sita, wakubwa ni watano. Kesho itabaki moja, na jina moja halitakuwa na karatasi. Ningeweza kumtungia Siwema ya sita, kweli. Lakini basi nyeupe isingekuwa ya mtu yeyote, gari la Kamishna lingebaki tupu, vibali vingebaki vimesimama, na Jumamosi ingepita. Lazima mtu apande lile gari. Nilikaa nalo jambo hilo mpaka kengele ya kutoka ikalia, na sikulitafutia jibu kokote mtandaoni.

*

Alhamisi saa nne. Kamishna alikaa mstari wa mbele na orodha ya watumishi mapajani, nzima kabisa, haijaliwa na mchwa. Askari wawili walisimama mlangoni. Siwema alikaa kiti cha mwisho karibu na ukuta, amejifunga mtandio wa kahawia, mikono amekunja mapajani mithili ya mtu aliyefika msibani mapema.

Nikasoma. Nikasoma za madereva na za masjala. Nikasoma tano mfululizo zilizokuwa na "namna ya kumpenda Mwangalizi Mkuu zaidi," dakika nne kila moja, na wenyewe wakasimama mmoja mmoja, wanatazamana. Kamishna akaandika kitu. Nikafika karatasi ya thelathini na tisa.

"Siwema Chande," nikasoma.

Kiti chake kikalia. Alikuwa ameshaanza kusimama, nadhani alidhani ameitwa kukamatwa. Nikaendelea.

"'Kiungulia baada ya kula muhogo.' 'Kwa nini magoti hulia mtu akiinama.' 'Dawa ya upara.' 'Dawa ya upara isiyonuka.' 'Nywele za utosini zinaweza kurudi baada ya miaka ishirini?'"

Mtu akacheka nyuma. Kamishna akageuka taratibu, akautazama mtandio wa Siwema. Mimi jasho lilikuwa linanitoka kwenye upara huo huo unaozungumziwa. Dakika mbili zilikuwa zimebaki.

"'Namna ya kupika chai ya tangawizi kama ya jirani wa ofisini,'" nikasoma. "'Mjane au mgane kuishi peke yake: ushauri.' 'Picha za makaburi ya mtaa wa chini, safu ya nne.' 'Picha za makaburi ya mtaa wa chini, safu ya nne.'" Ilikuwa hapo mara tatu. Nikaisoma mara tatu, kanuni ni kanuni.

Kumbe ndivyo inavyokuwa. Miaka yote nimesoma ya wenzangu, na yangu huwa ya mwisho, watu wameshasinzia; sikuwahi kujua inavyouma. Nilijisikia nimevuliwa nguo jukwaani, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Pamoja na hayo nilikuwa na furaha ambayo sijaionja tangu ujana wangu, na nilifanya kazi kubwa kuizuia isionekane usoni.

Kengele ya saa ikalia. Siwema alikuwa amesimama. Alinitazama kichwani, halafu machoni, na nikaona amenielewa.

"Za nani hizo nywele?" Kamishna akauliza kwa upole.

"Za baba," Siwema akasema. Akaukaza mtandio. "Ni mimi, na nimeonekana."

Makofi matatu. Ya arobaini ilikuwa ya mfagizi, ambaye haruhusiwi kugusa kompyuta na karatasi yake huwa na "hakuna" tu, naye nikamsoma "hakuna" kwa dakika nne. Ikabaki moja. Nikaiinua watu waone pande zote mbili. Nikatega saa, nikaisoma.

Safari hii hakuna aliyekiri. Walishajifunza. Walikaa wamebana pumzi, wale watano wamefumba macho, na mimi nikaipitia karatasi yangu kutoka juu mpaka chini, mstari kwa mstari. Kusema ukweli ndiyo pekee niliyoisoma bila kumwonea mtu huruma.

"Sasa majina," Kamishna akasema, akanipa orodha. "Watano wametubu, naona. Tumpate wa sita."

Nikaita. Kila aliyeitwa alikuja jukwaani akaonyesha karatasi yake kwenye rundo. Kwa mpangilio wa alfabeti jina langu liko baada ya Mwinyi, na nilipolifikia nililisoma kwa sauti ile ile, bila kupunguza, kama kiapo kinavyotaka.

"Ngwali Kitwana."

Watu wote wakanitazama.

"Nipo," nikajibu, kwa kuwa nilikuwepo.

Kamishna akapanda jukwaani, akanishika mkono. "Umelala vizuri?"

"Vizuri sana, Mheshimiwa."

"Ulikuwa unatafuta nini, mzee?"

"Sikumbuki. Nasikia ndivyo kile kivinjari kilivyo, kinasahau."

Wakaifungua kompyuta yangu, wakauliza makao makuu. Makao makuu wakajibu kwamba wiki imeshachapwa na imeshafutwa, Serikali haina nafasi. Mheshimiwa Kidawa akatoa hotuba ya kunilaani iliyomtoa machozi, na nadhani machozi yale yalikuwa ya kweli. Kisha Kamishna akatangaza kwamba nafasi imejaa, na vibali vyote vimefunguliwa kuanzia asubuhi ya kesho.

Walinipitisha kwenye meza yangu kuchukua koti. Siwema alikuwa ameshalikunja, na ndani ya mfuko ametia muhogo umefungwa kwenye gazeti. Askari wawili walisimama kati yetu.

"Mzee Ngwali," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya ofisini, "nitakuandikia barua."

"Kule zinasomwa kwa sauti, mwanangu. Angalia unachoandika."

"Nitaangalia," akasema.

*

Kambini naendelea vizuri, ahsante. Kuta ni za kioo kweli, na chakula si haba. Mchana tunayafuta madirisha kwa nje, halafu kwa ndani. Kwa mbali tunaliona Bwawa la Ushindi, na mwaka huu limeongezewa mistari ya mapambo.

Barua husomwa Alhamisi, kwenye uwanja, mbele ya wote, na anayesoma ni Koplo Hizza, kijana mwenye sauti nzuri ila anakimbilia nukta. Nilimfundisha mimi kwenda polepole. Kanuni ni ile ile, dakika nne kila barua. Wiki tatu jina langu halikutajwa. Usiku nilikuwa silali, na yeyote ambaye angeniuliza kama nimelala vizuri ningemjibu ukweli. Nikifumba macho nilimwona Mahadhi mpakani anacheka. Nilimwona Siwema mezani kwake, wao wamekaa nyuma yake. Nilifikiri huenda nimefanya hesabu vibaya.

Wiki ya nne Koplo akasoma, "Ngwali Kitwana." Bahasha ilikuwa na stempu ya ng'ambo. Akaifungua, akatoa karatasi, akaigeuza huku na huku, akaipeperusha juani.

"Haina kitu," akasema.

"Kanuni haisemi lazima iwe na kitu, Afande."

Akalifikiria hilo. Kisha akatega saa yake, akasimama wima, akaishika kwa mikono miwili na kunisomea, dakika nne kamili, uwanja mzima ukiwa kimya. Ilikuwa safi, nyeupe pande zote, haina jina la aliyeandika wala la mahali alipo. Nilisikiliza kila neno. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

Kengele ikalia. Koplo Hizza akauliza kama nimeielewa.

Nikamjibu kwamba masikio yangu ni ya kizee siku hizi, nikamwomba, kwa adabu zote, aisome tena.